Tani Ishirini za Hewa Gerejini

(Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi na wanafunzi wa ufundi wanaozungumza Kiswahili, Denver, Colorado)

Wazee shikamooni, na vijana habari zenu. Asanteni kwa kuja na baridi yote hii. Nitakaa karibu na meza kwa sababu vitu vingi nitakavyovitaja viko hapa, na anayetaka kuvishika asingoje nimalize.

Najua wengi wetu ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, tuliziona kwanza kwenye televisheni. Wakenya mnamkumbuka Philip Boit kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja mstarini amkumbatie. Lakini leo wanaoteleza tuwaache. Nimekuja kusema habari za anayezitengeneza, hasa yule anayezitengeneza nyumbani kwake, na mashine moja ambayo asipokuwa nayo atabaki na mbao, plastiki na gundi tu. Mashine hiyo ni presi, yaani ya kuvibana vitu hivyo pamoja mpaka gundi ishike.

Kata ski katikati kwa msumeno utaona tabaka zake. Chini ni plastiki ya polietilini inayoteleza, imezungushiwa kingo za chuma. Juu yake kuna kitambaa cha nyuzi za kioo, halafu kiini cha mbao, mara nyingi popla, meipo au mwanzi, halafu nyuzi za kioo tena, na mwisho plastiki ya juu yenye picha. Vyote vimeshikwa na gundi ya epoksi. Kile kiini hakina unene mmoja: nchani ni kama milimita 2, katikati kinafika 10 au kupita. Na ski yenyewe haijanyooka. Ncha imepinda kwenda juu, na katikati kuna upinde mdogo, ili ukiiweka sakafuni bila mtu iguse mbele na nyuma tu.

Sasa wewe una kitu chenye urefu wa mita 1.8, kimepinda, unene wake unabadilika kila sentimita, na epoksi imeshaanza kushika. Unataka kila sehemu ibanwe sawasawa. Ukibana kwa klempu, inabana pale ilipowekwa. Katikati ya klempu na klempu gundi inabaki nene, viputo vinajificha, na ski inatoka ina mawimbi. Ukitumia jeki mbili tatu za gari shida ni ile ile, ila umeiongezea nguvu. Hewa haina mambo hayo. Blaise Pascal alikwisha kutueleza katika karne ya 17 kwamba kimiminika kilichofungiwa kinasukuma kwa kiasi kile kile kila upande, na hewa nayo inafuata kanuni hiyo. Nchani patasukumwa sawa na katikati, penye milimita 2 sawa na penye 10. Kwa hiyo mtu akikwambia anajenga presi ya hewa ili apate nguvu nyingi, mwambie nguvu hata jeki inayo. Anachotafuta ni usawa.

Howard Head alilijua hilo mapema. Alikuwa mhandisi wa ndege kule Baltimore. Mwaka 1947 alikwenda Stowe, Vermont, kuteleza, akarudi amechukizwa na ski nzito za mbao, akaanza kuziunda kwa alumini na mbao kama zilivyoundwa sehemu za ndege. Presi hakuwa nayo. Aliziweka ski ndani ya mfuko wa mpira, akanyonya hewa yote, akautumbukiza mfuko kwenye mafuta yaliyochemka ili gundi ikauke. Ski za mwanzo alizowapa walimu wa Stowe wazijaribu zilivunjika zote. Ilimchukua mpaka 1950 kupata iliyodumu.

Ule mfuko wa kunyonya hewa bado unatumika, na kwa anayeanza una urahisi wake. Lakini una kikomo ambacho pampu haiwezi kukivuka, maana kinachobana ni hewa ya dunia yenyewe, basi. Usawa wa bahari utapata kama PSI 14.7, yaani pauni za msukumo kwa kila inchi ya mraba. Hapa Denver tuko mita 1,600 juu, utapata kama 12. Ukipanda Leadville, zaidi ya mita 3,000, unabaki na kama 10. Yaani kadiri unavyoukaribia mlima wenye theluji nzuri ndivyo mfuko wako unavyopungukiwa. Presi ya hewa inakupa 40 au 60 popote ulipo.

Tuje kwenye ujenzi. Kinachofanya kazi ndani ni mpira wa kupitishia maji wa zimamoto, huu hapa; ukijazwa hewa unavimba na kubana. Umefumwa kwa nyuzi nje, ndani una utando wa mpira, na umetengenezwa kuhimili msukumo mkubwa kuliko wowote tutakaoutumia sisi. Miji hustaafisha mipira ya aina hii, kwa hiyo kuupata si kazi. Unakata urefu wa presi yako, unakunja kila mwisho, unaubana kati ya vipande viwili vya bapa la chuma kwa boliti nyingi, na mwisho mmoja unatoboa na kufunga koki ya kompresa. Ukilala bapa, wa kipenyo cha inchi 5 una upana wa karibu sentimita 20.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo presi nyingi za nyumbani zinapoharibika kabla hata hazijachomelewa. Sentimita 20 hizo unazipata mpira ukiwa bapa kabisa. Ukiuachia nafasi ya kuvimba, pande zake zinajiviringa, na sehemu inayogusa kazi yako inapungua. Hesabu yake si ngumu: toa nafasi ya kuvimbia kwenye kipenyo, zidisha kwa 3.14, gawa kwa 2. Mpira wa milimita 127 ukivimba milimita 40 unagusa upana wa milimita 137 tu. Ukivimba 20 unagusa 168. Mtu anaweka mpira mpana juu ya ski, anaacha nafasi kubwa ili iwe rahisi kuingiza na kutoa kazi, halafu anashangaa kingo hazikushika gundi. Mpira ulikwisha kuziacha! Nafasi ikiwa ndogo unafaidi mara mbili tena: hewa inayoingia ni kidogo, na hewa iliyofungiwa ndiyo hatari yenyewe ya mashine hii.

Ndiyo maana kalibu zinakuwa mbili, ya chini na ya juu, na zote zinakatwa kwa kielelezo kimoja. Unachonga mbavu za MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, au plaiwudi kwa ruta, mashine ya kuchongea mbao, inayofuata kielelezo, unazipanga kama mbavu za mtumbwi, unazifunika. Kalibu ya chini inabeba umbo la ski. Ya juu inalifuata umbo hilo ili nafasi ya mpira iwe sawa toka ncha hadi ncha. Kazi yako inalala katikati, kati ya mabati mawili ya alumini ili mpira usiache alama.

Halafu fremu. Snoubodi, ule ubao mmoja mpana wa kutelezea thelujini, ya sentimita 160 kwa 30 ina eneo la karibu nusu mita ya mraba. Kwa PSI 40 ubao unabeba tani 13 na nusu. Wengi wanaishia hapo, wanakwenda kununua chuma cha tani 13. Fremu lakini haijui ubao wako una ukubwa gani. Inachokijua ni mpira. Kama mipira yako ikiwa pamoja inagusa mita 2 kwa sentimita 40, hiyo ni tani 22, ubao uwe mdogo uwe mkubwa. Ni kama Fuso mbili zimejaa magunia, zimekaa ndani ya gereji, zinasukuma boriti ya juu iende darini. Kwa 60 unapita tani 33.

Ndiyo maana tunatumia boriti za chuma zenye umbo la I, juu na chini, na fremu kadhaa zimepangwa moja baada ya nyingine kwa urefu wa presi. Ukiwa na fremu sita, zile tani 22 zinagawanyika kama tatu na robo tatu kila moja, na kila nguzo ya pembeni inavutwa na kama tani mbili. Nimesema inavutwa, msilipite hilo. Presi haina uzito wa kushusha chini, inataka kujichana yenyewe vipande viwili. Mchomeleaji aliyezoea mageti na madirisha asiguse viungo hivi mpaka mtu anayejua hesabu za chuma ameviangalia. Mimi napenda nguzo zifungwe kwa boliti za daraja la juu, zinazoonekana na kukaguliwa, kuliko kuuamini mshono nisioweza kuona ndani yake.

Boriti kupinda kidogo si janga. Mpira unaufuata mpindo ule, na msukumo haubadiliki. Lakini kalibu ya chini ikae imara, kwa sababu ikipinda, ski nayo itakauka imepinda vile vile.

Usalama nitausema kwa kifupi, maana haubishaniwi. Weka regyuleta ya kudhibiti msukumo, geji ya kuusoma, na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe. Mabomba ya PVC ya maji yasiguse hewa ya kompresa, yakipasuka yanarusha vipande kama visu. Mpira mpya ujaribuni kwanza kwa maji, ukiwa ndani ya presi. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kitu kikiachia yatawalowesha tu. Na mtu asisimame upande wa miisho ya mpira wakati wa kujaza.

Joto nalo lina hila yake. Epoksi nyingi zinakauka zenyewe ndani ya siku moja bila joto, na kwa ski ya kwanza ningeacha hivyo. Wenye haraka wanaweka blanketi za umeme za silikoni na kufika nyuzi 80 za Selsiasi, kazi inaisha ndani ya saa moja hivi kutegemea epoksi. Tatizo ni kwamba plastiki ya chini inatanuka zaidi ya mara kumi kuliko kingo za chuma zinazoizunguka. Zikigandishwa pamoja zikiwa na moto, zikipoa plastiki inasinyaa, chuma kinakataa, na sehemu ya chini inapoteza ubapa wake. Msifungue hewa mpaka vyote vipoe ndani ya presi. Kusubiri huko kunaudhi kuliko kazi yote, lakini hakuna njia ya mkato.

Na ile polietilini haishikani na gundi kirahisi. Inakwaruzwa kwa msasa, inapitishwa haraka chini ya moto wa gesi, ndipo inakubali. Presi haitawasaidia mkiliruka hilo.

Kuna mama pale nyuma ameuliza: kule nyumbani Afrika Mashariki mashine hii ina kazi gani? Swali zuri. Ski hapana. Lakini skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, ni vinia saba, yaani karatasi nyembamba za mbao, za meipo zilizogandishwa na kupindwa, na Kampala kuna uwanja wa skeitibodi pale Kitintale tangu 2006. Ubao wake una urefu wa kama sentimita 80 na upana wa 20, kwa hiyo presi ya snoubodi ina nafasi ya kubana mbili kwa mpigo. Migongo ya viti iliyopinda vile vile. Chuma ni kile kile, mpira ni ule ule, unabadilisha kalibu tu. Ugumu utaupata kwenye vinia: iwe nyembamba, iwe imekauka sawasawa, na zile saba zisiwe na unyevu tofauti, maana ubao utajisokota wenyewe wiki moja baadaye ukiwa umeutundika ukutani.