Miaka 14 ya uuguzi, ndipo nikajifunza kunyamaza dakika mbili

Habari zenu jamani. Hapa Leicester ni saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia, ndiyo maana nimewasha taa zote. Leo siongelei viza wala mishahara. Najua wengi mmeniuliza, nitalirudia wiki nyingine. Leo naongea na wauguzi, matabibu, wakunga na wafamasia mlio kazini miaka mingi. Na kama wewe si mtu wa afya, usiondoke, kwa sababu mgonjwa ninayemsema ni wewe.

Nimemaliza kozi ya kuchukua historia ya mgonjwa na kumpima mwili. Huku Uingereza muuguzi, mfamasia au mhudumu wa gari la wagonjwa mwenye uzoefu anaweza kusoma hadi afike ngazi ya kumwona mgonjwa mwanzo hadi mwisho: amsikilize, ampime, aseme ugonjwa ni upi, na akishasomea kuandika dawa, aandike. England ilitoa mwongozo wake mwaka 2017. Kwetu hilo si geni. Afisa tabibu wa Tanzania na wa Kenya anaifanya kazi hiyo miaka yote, na bila yeye vituo vingi vya vijijini visingekuwa na mtu wa kumwona mgonjwa. Kwa hiyo sikuleteeni jambo la Wazungu. Nakuleteeni kitu kilichonishtua mimi niliyedhani nakijua.

Nina miaka 14 katika uuguzi, tisa Dar na mitano huku. Mgonjwa akiingia mlangoni, kabla hajakaa, najua huyu hali yake si nzuri. Hisia hiyo ni ya kweli na siidharau, imeokoa watu. Lakini mwalimu aliniuliza, "Umejuaje?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa najua bila kuweza kutaja. Akanirudisha kitandani nitazame upya: anapumua mara 28 kwa dakika, hamalizi sentensi bila kuvuta pumzi, misuli ya shingo inakaza kila anapovuta hewa. Hayo ukiyasema kwa simu usiku wa manane, daktari anaamka. Ukisema tu "Daktari, huyu simwelewi," anakwambia mwangalie mpaka asubuhi.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Kwenye mazoezi tuliletewa mama mmoja, mwigizaji aliyefundishwa kuigiza mgonjwa. Akasema, "Kifua kinaniuma." Mimi nikaanza: maumivu yanaenda mkononi? Unatoka jasho? Una presha? Una kisukari? Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Kichwani mwangu ilikuwa tayari ni moyo, kila swali nililouliza lilikuwa la moyo. Muda ukaisha. Mwalimu akamgeukia yule mama: "Kama angekuuliza wewe mwenyewe unahofia nini, ungemjibu nini?" Akasema, "Ningemwambia dada yangu alikufa kwa damu kuganda kwenye mapafu, nami nimeshuka kwenye ndege juzi baada ya safari ndefu, na mguu wangu wa kushoto umevimba." Kila kitu kilikuwa pale. Sikumpa nafasi.

Nilirudi nyumbani nikakaa kimya. Nikawaza wagonjwa wangu wote wa miaka ile.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 1975 uliowafuata wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, ugonjwa ulikuwa umeshajulikana baada ya kusoma barua ya rufaa na kuwasikiliza, kabla hata ya kuwagusa. Vipimo vya mwili vilibadilisha jibu kwa wagonjwa 7, na maabara kwa 7. Halafu mwaka 1984, Marekani, wakapima daktari anamwacha mgonjwa aseme kwa muda gani kabla hajamkatiza. Wastani ulikuwa sekunde 18.

Najua mnachotaka kuniambia: "Dada, nje kuna foleni ya watu themanini, muda tunautoa wapi?" Nimeketi kwenye chumba hicho, nakijua. Lakini sikilizeni hili. Basel, Uswisi, utafiti uliotoka mwaka 2002: madaktari waliambiwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wagonjwa 335. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili tu! Maswali yangu ya ndiyo na hapana yalikula zaidi ya hapo.

Wanafundisha kumuuliza mgonjwa mambo matatu: anadhani ni nini, anahofia nini, na anatarajia umsaidie nini. Nyumbani ukimuuliza mzee, "Unadhani ni nini?" atakujibu, "Si ndiyo maana nimekuja kwako, mwanangu?" na yuko sahihi. Mimi huwa nageuza, kwa sababu hata huku napata wagonjwa wa Kiswahili. Nauliza, "Na nyumbani wanasemaje?" Hapo mlango unafunguka. Mama mkwe amesema hili, jirani ana mtu aliyeanza hivihivi, akazikwa. Usiulize, "Umetumia dawa za kienyeji?" kwa sauti ya polisi, atakataa. Uliza, "Kabla ya kuja hapa, mlijaribu nini?" Ataitaja mitishamba na vidonge vya duka la dawa vyote kwa pamoja.

Na lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi. Mtu akisema "kichomi", amekwambia maumivu yanachoma, mara nyingi upande mmoja, akivuta pumzi. Akisema "kiungulia", ni kitu kingine kabisa. "Kifua kinabana" ni kingine tena. Lakini akisema "homa", simama hapo hapo. Anamaanisha joto? Malaria? Au kuumwa tu? Muulize mwili ulikuwa unachemka au la.

Nikija kwenye kupima, hatua ni zilezile: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Nitakaa kwenye kugonga, kwa sababu wengi tumekuacha. Nani hapa hajawahi kugonga simtanki kujua maji yamefika wapi? Juu linalia, kwenye maji sauti inazibika. Basi ni hivyo hivyo. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna, aliandika kuhusu kugonga kifua mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye mapipa ya mvinyo. Kidole cha kati laza juu ya kifua, kibane vizuri, gonga karibu na kucha kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili, kifundo cha mkono kiwe chepesi. Pafu lenye hewa linalia. Penye maji pamekufa, kama kugonga jiwe. Haihitaji umeme wala bajeti ya wilaya. Linganisha kulia na kushoto, kila mara.

Kuhusu ngozi, niliongea darasani na sijutii. Picha karibu zote zilikuwa za ngozi nyeupe: midomo imekuwa bluu, mashavu yamepauka. Nikawaambia, kwa mtu mweusi tazama ulimi na ndani ya midomo, funua kope la chini, angalia viganja, na umanjano uutafute kwenye nyeupe ya jicho. Na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kiliwaficha wagonjwa weusi upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kikisema 94 na mtu anahangaika kupumua, mwamini mtu.

Mtihani wenyewe ni wa vituo, kengele inalia unahama, mwalimu anatia alama. Nilipita, namshukuru Mungu.

Ukitaka kuanza kesho bila kozi, fanya hivi. Mpime mgonjwa, andika unachodhani kwenye kikaratasi, ndipo ufungue eksirei. Ukikosea, rudi kitandani ugonge tena pale pale ukiwa na picha mkononi. Mimi nilifanya hivyo kwa mwezi mzima na mwenzangu wa zamu, na masikio yetu yalibadilika.

Na nina ombi. Naandaa orodha ya maneno ambayo wagonjwa wetu hutumia kueleza maumivu, ili niwape wenzangu wanaohudumia Waswahili hapa. Mlioko Kigoma, Mtwara, Mombasa, Pemba, Bukavu: huko kwenu mtu mwenye kichomi anasemaje? Niandikieni hapo chini, na mtaje mnatoka wapi.