Kati ya Mlango na Geti: Raha ya Kutunza Maua na Viungo Nyumbani

Mhadhara uliotolewa mjini Moshi, wiki chache kabla ya masika

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana mliofika: shikamooni wanaostahili shikamoo, na salamu kwa wote waliobaki.

Nimeombwa nizungumzie bustani ya nyumbani, nami nimeomba ruhusa ya kulibana jambo lenyewe. Sitazungumzia kilimo cha biashara. Wenzetu wa Arusha wanalima waridi katika mabanda ya plastiki na kuyasafirisha kwa ndege hadi Ulaya, na kazi hiyo ina hesabu zake na hasara zake. Wala sitazungumzia tiba, ingawa siku hizi mtu hawezi kutaja mchaichai pasipo kuulizwa unatibu nini. Ninazungumzia kipande kile cha ardhi kilichopo kati ya mlango na geti, na raha anayoipata mtu anayekishughulikia kwa mikono yake mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba raha hiyo imo ndani ya kazi yenyewe, yaani katika kupogoa, kumwagilia, kunusa na kuchungulia chini ya jani, na kwa sababu hiyo mwenye ndoo chache za udongo barazani anaweza kuifaidi kuliko mwenye ekari nzima inayotunzwa na mtu mwingine.

Sisi wa mkoa huu tumerithi mfano mzuri. Mzee wa Kibosho au Machame hakuwa na bustani ya maua upande huu na shamba upande ule. Kihamba chake, yaani shamba linaloizunguka nyumba yake, kilipandwa kwa ngazi: juu kabisa mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, ambayo ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na ikapata nafasi bila kuwafukuza waliotangulia, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe aliyefungwa zizini, ambaye samadi yake ilirudi kwenye migomba. Mpakani ilisimama isale. Isale hailiwi wala haiuzwi, lakini Mchagga aliyemkosea mwenzake na akaenda kwake na jani lake mkononi ameomba msamaha kwa namna ambayo aliyekosewa huona vigumu sana kuikataa. Mmea wa namna hiyo, unaotunzwa kwa vizazi kwa sababu ya maana yake peke yake, ulipewa nafasi katika ardhi ambayo kila hatua yake ililishwa na kulisha.

Tuliposhuka mjini tuliyaacha hayo juu mlimani. Mtu akishajenga, jambo la kwanza ni kumwita fundi apange vitofali vya saruji kutoka ukutani hadi getini, kwa maelezo kwamba matope ya masika yanachosha. Yanachosha kweli, sikatai. Lakini saruji hiyo hiyo mwezi wa Januari hurudisha joto dirishani hadi usiku, na maji ya Aprili yakikosa pa kuzama hukimbilia kwa jirani. Nusu ya eneo ingetosha gari na viatu, na nusu nyingine ingebaki udongo.

Nianze na pua, kwa kuwa ndiyo inayofaidi kwanza. Wenzetu wa Pwani wametutangulia mbali katika jambo hili, kwa asumini zao, milangilangi yao na vikuba, yaani vifurushi vidogo vya kunukia, vya mrehani, na hatuna sababu ya kuona haya kujifunza kwao. Mezani hapa nimeleta mashina machache. Chukueni shina la mnanaa, mlivingirishe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Halivingiriki vizuri, kwa sababu lina pembe nne. Fanyeni hivyo hivyo kwa mrehani, kisha kwa kivumbasi, ambacho huota chenyewe kando ya njia na wengi wetu tunakipita tu, nanyi mtazikuta pembe zile zile. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, pamoja na rozimeri na lavenda, na mingi katika ukoo huo huhifadhi mafuta yenye harufu ndani ya vinyweleo na vifuko vidogo mno vilivyo juu ya jani. Vikiguswa hupasuka. Ndiyo maana kichaka kilichokuwa kimya ulipokipita huijaza baraza yote harufu ukikipapasa. Mmea haukuyatengeneza mafuta hayo kwa ajili ya pua zetu. Huyatumia zaidi kuyakinga majani yake na wadudu na wanyama wenye njaa. Sisi tumejipenyeza tu katika ugomvi usiotuhusu.

Mchaichai ni ukoo mwingine kabisa. Huo ni nyasi, ndugu wa mahindi na muwa, kama unavyoshuhudia ukali wa ukingo wa jani lake unapolivuta bila uangalifu. Hata hivyo mafuta yake yana sitrali, kemikali ile ile inayopatikana katika ganda la limau, na kwa sababu hiyo chai ya mchaichai hunukia limau bila kuwa na uchachu hata kidogo. Fungu moja likipandwa kwenye kona yenye jua hutanuka lenyewe, na baada ya misimu michache huna budi kuligawa na kuwapa majirani.

Kuhusu mrehani nitasema kidogo zaidi, kwa sababu ni mwalimu mzuri wa anayeanza. Ukiachwa, hukimbilia kutoa maua na mbegu, kisha majani yake hupungua na kuwa magumu. Ukikata ncha yake juu kidogo ya jozi ya majani, vichipukizi viwili vilivyokuwa vimelala kwenye makwapa ya jozi hiyo huamka, na shina moja huwa mawili. Ukirudia, mawili huwa manne. Kwa hiyo kuuvuna ndiko kuutunza, na anayeuhurumia ndiye anayeuzeesha mapema. Kwa mtu aliyezoea shamba, ambako mavuno huja baada ya miezi ya kusubiri, kuna furaha ya pekee katika mmea unaotaka ukatwe kila wiki.

Mingine nitaipitia haraka. Mnanaa hutambaa chini ya ardhi na hauheshimu mpaka, hivyo upandwe ndani ya ndoo iliyotobolewa kitako. Rozimeri asili yake ni nchi kavu za pwani ya Mediterania, na hapa kwetu huuawa na maji mengi kuliko kiangazi. Upewe udongo wenye mchanga, jua la kutosha na kupuuzwa kwa kiasi. Giligilani haipendi joto. Arusha, iliyo juu ya Moshi kwa takriban mita 500, huiotesha kwa urahisi, ilhali sisi wa huku chini tukiipanda Januari hurefuka na kutoa maua kabla hatujaionja. Dawa yake ni kuipanda ili ikue katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, mlima unapojificha mawinguni, na miezi mingine kuipa kivuli cha mchana. Sijui starehe nyingi zinazolingana na ile ya mpishi ambaye vitunguu vyake vimeanza kubadilika rangi jikoni, naye anatoka na kisu, anakata kiganja kimoja cha giligilani, na kurudi kabla havijaungua.

Sasa maua. Yupo mwenzetu mmoja ambaye tunamwona kila siku bila kumtazama, naye ni bogenvilia ya ukutani. Isogelee kesho asubuhi. Ile rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa ambayo sote tunaiita ua ni majani yaliyobadilika, na ukilishika moja kwenye mwanga utaiona mishipa yake ikitawanyika kama ya jani lingine lolote. Ua lenyewe ni kijibomba chembamba chenye mdomo mweupe, kikiwa katikati ya majani hayo matatu. Mmea huu umetoka Amerika ya Kusini, na jina lake ni la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliukuta Brazili mwaka 1767. Wengi hunilalamikia kwamba yao ina majani tu. Nikiuliza, huambiwa kwamba humwagiliwa kila jioni. Iache ione kiu, nayo itachanua.

Kuna na kisa cha ua lililokwenda upande wa pili, kutoka kwetu kwenda kwao. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya zambarau na majani yenye manyoya laini, unaoota kwenye miamba yenye kivuli ya milima kama Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliuandika kitaalamu na kuuita Saintpaulia. Leo unakaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani kwa idadi isiyohesabika, umezalishwa kwa rangi za kila aina, na watu wengi wa Tanga, Moshi na Arusha hawajawahi kuuona. Anayeupata auweke barazani pasipopigwa na jua kali, na amwagilie udongo badala ya majani, kwa kuwa maji baridi huacha mabaka juu ya manyoya yale. Naona ingefaa sana mmea huu uonekane kwenye nyumba za nchi uliyozaliwa.

Mwaridi nao una raha yake, ambayo wenye nchi za baridi hawaipati kwa urahisi. Huko hulala wakati wa theluji na kuamka wote pamoja. Hapa haulali, hivyo mkasi wa mwenye bustani ndio unaoupangia ratiba. Ukikata tawi kwa mshazari, juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje ili katikati ya kichaka pabaki na hewa, kwa kawaida utapata maua baada ya wiki sita hadi nane, kutegemea aina na joto. Anayetaka waridi za Pasaka au za harusi ya binti yake ahesabu kurudi nyuma na kukata siku inayostahili. Majirani watadhani ni bahati.

Udongo wetu ni wa volkano na una rutuba, lakini ule wa kiwanja kilichojengwa mara nyingi ni kifusi kilichoshindiliwa, na mtu asishangae ukigoma. Changanya samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga, ambazo Moshi hatuzikosi kwa sababu ya mashamba ya mpunga yaliyo huku tambarare. Pumba hizo huufanya udongo uwe mwepesi na upitishe maji. Juu yake tandaza majani makavu ya migomba. Mababu zetu walichimba mifongo, yaani mifereji, kuleta maji ya mlimani hadi vihambani, na walikuwa na zamu na wazee wa kuzisimamia. Sisi tunafungua bomba, likikubali. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ahirisha hadi kesho. Maji ya asubuhi ni bora kuliko ya usiku, kwa kuwa majani yanayolala yamelowa hukaribisha ukungu, na konokono nao hupenda kutembea penye unyevu.

Tukifika kwa wadudu, wengi huuliza mara moja dawa ipi inunuliwe. Mimi nashauri kiti kwanza. Kaa mbele ya mwaridi ulioshambuliwa na vidukari, na utaona sisimizi wakipanda na kushuka shinani. Hawawali. Wanawachunga, kwa sababu vidukari hutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyanywa, na kwa malipo hayo huwafukuza maadui wao. Ukisubiri siku kadhaa, huenda akafika kijidudu chekundu cha mviringo chenye madoa meusi, ambaye hula vidukari kwa wingi, yeye na watoto wake, wasiofanana naye hata kidogo. Anayepuliza sumu siku ya kwanza huwaua hao pia, na vidukari, ambao huzaliana haraka kuliko adui zao, hurudi wakiwa peke yao. Mara nyingi maji yenye sabuni kidogo, au vidole viwili visivyo na kinyaa, vinatosha. Na mwenye mshubiri uliochanua atatembelewa na chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayeingia katika ua moja baada ya jingine asubuhi nzima.

Tahadhari moja tu, hasa kwa wenye watoto wadogo na mbuzi: oleanda, ule mti wa mapambo wenye majani membamba marefu na maua ya rangi ya waridi au meupe, una sumu kali kuanzia mzizi hadi ua. Kama unao, usiutumie kama kuni wala kama vijiti vya mishikaki.

Sina ugomvi na anayeajiri kijana wa bustani. Ni ajira, na mgongo wa mzee una haki yake. Ninachoshauri ni kwamba kijana achimbe na kubeba, na mwenye nyumba ashike mkasi na kopo la kumwagilia. Kumwachia mtu mwingine kukata na kunusa ni kumlipa aifurahie bustani yako kwa niaba yako.

Mwisho ni hivi vipandikizi. Vya rozimeri vina urefu wa kidole; ondoeni majani ya nusu ya chini, chomekeni kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, viwekwe kivulini na visikauke wala kulowa chapachapa hadi vishike mizizi. Vya bogenvilia ni vya mti uliokomaa, unene wa penseli, na vitachelewa zaidi, msivivute kila siku kuchungulia. Mvua zikianza Machi vitakuwa tayari vimepata mahali pa kukaa. Chukueni kimoja kimoja kwanza, ili walio nyuma nao wapate. Sasa napokea maswali, na tuanze na mama yule aliyeinua mkono tangu nilipotaja konokono.