Kiffin, Mpira wa Gofu na Chupa ya Haradali

ZUHURA: Shikamoo kaka.

BARAKA: Marahaba dada, za Nashville?

ZUHURA: Nzuri tu, baridi inatuua. Wasikilizaji karibuni tena kijiweni, leo mada ni moja tu na nimeshamwonya kaka Baraka asitukane, manake mada yenyewe ni kocha Lane Kiffin na huyu kaka yangu akisikia hilo jina anabadilika hadi sauti.

BARAKA: Sitatukana. Nitasema ukweli, ukweli ukitukana wenyewe hiyo si juu yangu.

ZUHURA: [kicheko] Haya. Kwa mliopo Kigoma, Mombasa, Bujumbura huko, hii ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira mkononi, na tunaongelea ile ya vyuo vikuu. Ukisikia chuo usije ukafikiria UMISETA, ile michezo ya sekondari. Hapo Knoxville kuna uwanja unaitwa Neyland, wa Chuo Kikuu cha Tennessee, unaingiza watu zaidi ya laki moja. Mkapa pale Dar ni elfu sitini.

BARAKA: Na Jumamosi unajaa, na watu wameanza kuchoma nyama nje asubuhi asubuhi. Mzee mzima amevaa rangi ya chungwa toka kofia mpaka soksi, na haoni aibu.

ZUHURA: Sasa mimi nilipofika Tennessee nikakuta watu wana hasira na huyo Kiffin, nikadhani labda alikaa hapo miaka kumi akaua timu. Kumbe alikaa muda gani?

BARAKA: Msimu mmoja!

ZUHURA: Msimu mmoja.

BARAKA: Wa 2009. Alitambulishwa Desemba 2008, Januari 12, 2010 hayupo. Kashinda 7 kafungwa 6, na ya kufungia msimu tukachapwa 37-14 na Virginia Tech. Basi.

ZUHURA: Ndo hapo mnaponichanganya. Saba kwa sita, huyo ni kocha wa kawaida kabisa, hata wa kumchukia hakuna. Mbona mpaka leo ukienda kinyozi hapo Knoxville bado kuna mtu ana kichekesho cha Kiffin?

BARAKA: Ngoja, lazima uanzie nyuma kidogo. Kabla yake alikuwepo Phillip Fulmer, mtu wa hapa hapa, kacheza hapa, ndo aliyetupa ubingwa wa taifa wa msimu wa 1998. Wakamtoa 2008 baada ya msimu mbovu. Halafu wanamleta nani, kijana wa miaka 33 ambaye ametoka kufukuzwa na Raiders, timu ya ligi ya kulipwa, na siyo kufukuzwa kimya kimya, yule mzee Al Davis mwenye timu aliita waandishi akawasha projekta, ile ya zamani ya kumulika karatasi ukutani, akaanza kuwaonyesha barua aliyomwandikia Kiffin, akasema kijana ni mwongo, mchana kweupe!

ZUHURA: Yaani bosi wake wa zamani amemulika barua ukutani, na nyie mkasema huyu huyu ndo tunamtaka.

BARAKA: Tukasema mzee amezeeka. [kicheko] Manake kijana alikuja na baba yake, Monte Kiffin, Mungu amrehemu, alifariki 2024, na huyo mzee kwenye mambo ya ulinzi alikuwa profesa, Tampa Bay walichukua Super Bowl, ubingwa wa ligi ya kulipwa, kwa ulinzi wake. Akaja na Ed Orgeron, jamaa la kushawishi vijana wa sekondari waje chuoni, ana sauti kama trekta. Ukiangalia ile benchi unasema hapa tumepata.

ZUHURA: Na kijana mwenyewe ana mdomo.

BARAKA: Ana mdomo! Februari 2009 hajacheza hata mechi moja, anasimama mbele ya mashabiki anasema Urban Meyer wa Florida amedanganya kwenye kumfuata mchezaji, eti alimpigia kijana simu akiwa ametembelea Tennessee. Meyer huyo ndo kwanza katoka kuchukua ubingwa wa taifa. Kumbe ile simu haikuvunja kanuni yoyote, SEC wenye ligi wakamkemea Kiffin hadharani, ikabidi aombe radhi.

ZUHURA: Mkaona aibu.

BARAKA: Aibu wapi, tulishangilia dada! Hilo ndo watu hawasemi siku hizi, utasikia kila mtu alijua toka mwanzo, muongo, tulimpenda. Tulikuwa tumechoka kunyanyaswa na Florida halafu kaja mtu anawatolea maneno, nani asimpende? Akaipiga Georgia 45-19. Akaenda Alabama, hao Alabama waliochukua ubingwa mwaka ule, tukafungwa 12-10 tena kwa sababu lijitu lao moja kubwa, Terrence Cody, lilizuia mateke yetu mawili ya kutafuta pointi kipindi cha nne. Watu wakasema mwakani, mwakani dunia itatutambua.

ZUHURA: Na mwakani akawa Los Angeles.

BARAKA: USC, chuo cha huko, wamemwita, kazi ya ndoto zake, kaondoka. Mkutano wake na waandishi ulikuwa kama wa dakika moja hivi, asanteni, kwaheri, hakuna maswali. Nje wanafunzi wanachoma magodoro.

ZUHURA: Magodoro kwa nini? Mimi hili huwa silielewi, kocha ameondoka, godoro limekosa nini?

BARAKA: [kicheko] Wanafunzi wana nini kingine cha kuchoma, vitabu vya mkopo? Wakachoma na fulana. Polisi wamejaa. Halafu kuna mwamba mkubwa pale chuoni wanafunzi huwa wanaupaka rangi na kuandika ujumbe, usiku ule usingependa mtoto asome kilichoandikwa. Na kuna mkazi wa mjini akaanzisha ombi kwa halmashauri kwamba kituo cha majitaka cha Knoxville kipewe jina la Lane Kiffin.

ZUHURA: Kituo cha majitaka! Hiyo ndo heshima aliyostahili?

BARAKA: Mimi nilipinga. Majitaka yakiingia kile kituo yanatoka masafi.

ZUHURA: [kicheko] Kaka nilikwambia usitukane.

BARAKA: Halafu usiku ule ule, wakati Kiffin anaaga, ikaripotiwa kwamba Orgeron anawapigia simu vijana waliotangulia kuripoti chuoni, anawaambia kesho msiingie darasani, manake ukiingia darasani umeshakuwa wa Tennessee, usipoingia unaweza ukaja na sisi USC. Hapo ndo moyo wangu ulifunga. Kuondoka sawa, kila mtu anatafuta riziki, lakini unaondoka na unabeba na masufuria?

ZUHURA: Unajua mimi ni Simba damu, 2025 kocha wetu Fadlu Davids alituacha akarudi Raja kule Casablanca, msimu ndo kwanza unaanza, tumetoka kufungwa na Yanga kwenye Ngao ya Jamii. Nililia. Lakini sasa hivi ukiniuliza nakwambia aende salama. Nyie miaka kumi na sita!

BARAKA: Fadlu alipoondoka nyie mliingia jangwani miaka kumi?

ZUHURA: Aa, hapana.

BARAKA: Sisi tuliingia.

ZUHURA: Sasa hapo ndo nataka tubishane kidogo. Kwa sababu waliokuja baadaye walikuwa wabaya kuliko yeye, tena mbali. Derek Dooley, miaka mitatu, kashinda 15 kafungwa 21.

BARAKA: Na mwaka 2011 akafungwa na Kentucky! Tulikuwa tumewafunga Kentucky miaka 26 mfululizo, kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto hawajawahi kuona Tennessee inafungwa na Kentucky. Na huyu Dooley aliwahi kuita waandishi akawaeleza jinsi wachezaji wake wasivyojua kuoga.

ZUHURA: Subiri, kuoga kuoga?

BARAKA: Kuoga! Wachezaji wana maambukizi ya ngozi, akaanza kufundisha mbele ya kamera mambo ya sabuni, nidhamu ya bafuni. Halafu anavaa suruali ya chungwa kama koni ya barabarani.

ZUHURA: Akaja Butch Jones.

BARAKA: Butch na pipa lake la taka pembeni ya uwanja, mchezaji akipora mpira anakimbia kuutumbukiza kwenye pipa. 2017 hiyo. Msimu wenyewe ukaishia humo humo ndani ya pipa.

ZUHURA: Akaja Pruitt, akafungwa na Georgia State nyumbani 2019, timu ambayo mmeilipa hela ije kufungwa. Halafu akafukuzwa 2021 kwa mambo ya kuvunja kanuni za kusajili vijana, na chuo kikapigwa faini ya zaidi ya dola milioni 8. Milioni nane kaka! Kiffin hakuwagharimu hivyo. Sasa niambie, kwa nini Pruitt hana kichekesho na Kiffin anavyo mia?

BARAKA: Kwa sababu hao wote tuliwafukuza sisi.

ZUHURA: Eeh.

BARAKA: Dooley tulimfukuza, Butch tulimfukuza, Pruitt tulimfukuza, unamfukuza mtu unakwenda kulala. Kiffin ndo mtu pekee aliyetuangalia tulivyo, akasema asante nimepata pengine. Ukimwacha mtu unamsahau, ukiachwa unafuatilia mpaka picha za harusi yake.

ZUHURA: [kicheko] Sawa hiyo nimekubali. Ndo maana alipofukuzwa USC mlifanya sherehe.

BARAKA: Aisee 2013 ile! Wamefungwa na Arizona State 62-41, ndege inatua Los Angeles usiku wa manane, bosi wake anamshusha kwenye basi la timu, begi lake linashushwa, anapewa taarifa pale pale uwanja wa ndege kwamba kazi imekwisha, na basi limeshaondoka bila yeye. Hapa Knoxville kuna watu hata siku za kuzaliwa za watoto wao hawazikumbuki, lakini ile alfajiri wanaikumbuka.

ZUHURA: Halafu mwaka uliofuata Nick Saban akamchukua Alabama, kocha wa mashambulizi, akaja nayo Neyland Oktoba 2014. Mlimzomea?

BARAKA: Tulimzomea mpaka koo likakauka, na mchezo wa kwanza kabisa wa Alabama siku ile, wa kwanza! Amari Cooper kapokea mpira kakimbia, yadi 80, tachidauni, yaani bao. Laki moja kimya.

ZUHURA: Mnamzomea mtu anawajibu kwa yadi 80.

BARAKA: Hilo nalo linaudhi, manake jamaa mpira anaujua. Angekuwa hajui tungeshamsamehe.

ZUHURA: Tuje 2021, hii ndo niliiona mwenyewe kwenye TV. Yeye sasa kocha wa Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi, Oktoba, Neyland imejaa. Zimebaki sekunde 54, Ole Miss wanaongoza, Tennessee wamejaribu mara ya nne, ile ya mwisho, waamuzi wakasema mpira haujafika mstari, wakaangalia ile VAR yao, bado haujafika. Vitu vikaanza kuruka. Chupa za maji, makopo, mechi imesimama kama dakika 20, bendi na washangiliaji ikabidi waondolewe.

BARAKA: Na mpira wa gofu.

ZUHURA: Na mpira wa gofu umempata Kiffin! Nani anaenda na mpira wa gofu kwenye futiboli? Umeuweka mfukoni asubuhi unasema leo utanifaa?

BARAKA: Mimi swali langu ni ile chupa ya haradali. Ilionekana kabisa uwanjani, ile mastadi ya kuweka kwenye hotidogi, chupa nzima ya njano. Mpira wa gofu angalau ni mdogo, haradali umepitaje nayo mlangoni?

ZUHURA: [kicheko] Lakini niseme ukweli kaka, hapo hamkuwa na utani tena. Kuna watoto wa bendi pale wamekaa chini wanajikinga na chupa. SEC wakakipiga chuo faini ya dola laki mbili na nusu na ilikuwa haki yao. Na mechi mlifungwa vilevile, 31-26.

BARAKA: Hapo sibishi. Kumzomea mtu ni haki ya tiketi yako, kumrushia kitu ni uhuni. Na mbaya zaidi tulimpa ushindi wa pili, akaondoka na ule mpira wa gofu mkononi anacheka, mitandaoni akautumia mwaka mzima. Huwezi ukamtania mtu ambaye anakutania zaidi.

ZUHURA: Sasa twende kwenye raha yako.

BARAKA: Novemba 30, 2025! Dada nilikuwa nimekaa, nikasimama. Ole Miss wako 11 kwa 1, msimu wao bora wa miaka mingi, wako mlangoni kuingia mtoano wa ubingwa wa taifa, na kocha wao anatangaza naenda LSU, chuo cha Louisiana. Wapinzani wao wa jadi! Mkataba unaripotiwa kama dola milioni 13 kwa mwaka. Na akataka eti amalizie mtoano na Ole Miss halafu ndo aende.

ZUHURA: Wakamwambia hapana.

BARAKA: Wakamwambia mlango ule pale. Watu wa Oxford, siyo ya Uingereza, ni mji wa Ole Miss, wakamfuata mpaka uwanja wa ndege, wanamzomea kupitia uzio, vidole juu. Mimi naangalia naona kama ndugu zangu waliopotea. Simu yangu ikajaa ujumbe, wana Tennessee wote wanaandika kitu kimoja, tuliwaambia, tuliwaambia. Miaka yote ile Ole Miss walikuwa wanatucheka, ooh nyie mna kinyongo, ooh amebadilika, anafanya mazoezi, anatuma vichekesho, ametulia. Haya, ametulia wapi?

ZUHURA: Mimi kilichonifurahisha ni kwamba wamempa timu Pete Golding, aliyekuwa kocha wa ulinzi, wakaipiga Tulane 41-10, wakaitoa Georgia 39-34 kwenye Sugar Bowl, robo fainali, wakaja kutolewa na Miami nusu fainali. Bila Kiffin.

BARAKA: Na iliripotiwa LSU walikubali kumlipa zile bonasi ambazo angezipata kama angebaki Ole Miss. Kwa hiyo ameondoka, timu inashinda, yeye yupo Baton Rouge, mji wa LSU, amekaa kwenye kochi na hela inaingia.

ZUHURA: Hapana, hiyo lazima umvulie kofia.

BARAKA: Simvulii hata kiatu.

ZUHURA: Na Septemba 2026 LSU wanaenda kucheza Oxford. Una ushauri gani kwa mashabiki wa Ole Miss?

BARAKA: Wazomee, wavae fulana, waandike mabango, haradali waache nyumbani. Na wasitegemee kwamba atasikia uchungu manake yule hasikii. Unajua mtoto wake wa kiume alizaliwa Januari 2009, ndo kwanza amefika kwetu, akampa jina Monte Knox. Knox, wa Knoxville!

ZUHURA: Usiniambie.

BARAKA: Mwaka mmoja baadaye mji amekwisha kuukimbia. Na mtoto wanamwita Knox mpaka leo, siyo Monte. Kila akimwita aje ale anataja mji wangu.