Renton: Kijiji Kilichoandika Bango la Ubingwa wa Dunia

Ndugu wasikilizaji,

Mto Leven wa Uskoti unatoka katika ziwa la Loch Lomond na kuingia mto Clyde pale Dumbarton, kaskazini-magharibi ya Glasgow. Ni mto mfupi, usiofika hata maili kumi, lakini katika karne ya 19 kingo zake zilijaa viwanda vya kutia vitambaa rangi nyekundu, na shehena kubwa ya vitambaa hivyo ilipakiwa melini kwenda India. Katika bonde hilo ndimo kilimo kijiji cha Renton, na vijana wake walianzisha klabu ya mpira mwaka 1872.

Klabu hiyo ilikuwa ya ridhaa, kama zilivyokuwa klabu zote za Uskoti wakati huo, kwa maana kwamba sheria ilikataza mchezaji kulipwa. Renton ilitwaa Kombe la Uskoti mwaka 1885 kwa kuwafunga majirani zake wa Vale of Leven mabao 3-1 katika mchezo wa marudio, kisha ikalitwaa tena mwaka 1888 kwa kuichapa Cambuslang 6-1. Inasimuliwa kwamba wachezaji walijengwa mwili kwa kinywaji walichokiita mchuzi wa kuku, ingawa ndani yake hamkuwa na kuku bali mayai mabichi yaliyokorogwa katika mvinyo mtamu wa Ureno.

Tarehe 19 Mei 1888, Renton ilikutana na West Bromwich Albion, waliokuwa wametoka kushinda Kombe la FA la Uingereza, katika uwanja wa Hampden jijini Glasgow. Mvua kubwa ya radi ilinyesha, uwanja ukajaa maji, na bado vijana wa kijijini walishinda 4-1. Waliporudi kwao walitundika bango kwenye banda la uwanja wao wa Tontine Park, lenye maneno ya kuwatangaza mabingwa wa dunia. Mimi siyaoni maneno hayo kuwa majigambo matupu, kwa sababu mpira uliopangwa kwa mashindano ya namna hiyo ulikuwa haujaenea mbali nje ya visiwa vile.

Furaha hiyo haikudumu. Uingereza ilikuwa imeruhusu wachezaji kulipwa tangu 1885, na mwaka huohuo wa 1888 Celtic, klabu mpya ya Glasgow, iliwachukua James Kelly, kiungo wa kati aliyekuwa mhimili wa timu, pamoja na Neil McCallum. Celtic nayo ilihesabiwa kuwa ya ridhaa. Hata hivyo, baada ya miaka michache Kelly alikuwa na uwezo wa kununua baa, na kila aliyetaka kuelewa alielewa.

Mwaka 1890 katibu wa Renton, Peter Fairly, ndiye aliyeziandikia klabu nyingine barua ya kuziita katika kikao kilichozaa Ligi ya Uskoti. Ligi ilipoanza, Renton ilicheza michezo mitano tu kabla ya kufungiwa na chama cha soka. Kosa lake lilikuwa kucheza na St Bernard's ya Edinburgh, klabu iliyokuwa imefungiwa kwa kulipa wachezaji kwa siri na ambayo siku hiyo ilijitokeza kwa jina jingine. Matokeo yote ya Renton yalifutwa. Klabu ilikwenda mahakamani, ikashinda, na msimu uliofuata ikarudi ligini. Kwa maoni yangu, kijiji cha vibarua wa viwandani kilibebeshwa mzigo wa sheria ambayo klabu za mjini zilikuwa zikiikwepa kila wiki.

Malipo yaliporuhusiwa rasmi mwaka 1893, Renton haikuwa na fedha za kushindana na Glasgow, kwa kuwa viingilio vya kijiji kimoja havikutosha kumzuia mchezaji mzuri asiondoke. Ilishuka daraja mwaka 1894, na ingawa mwaka uliofuata ilifika fainali ya kombe na kufungwa 2-1 na St Bernard's haohao, msimu wa 1897/98 ilijitoa ligini baada ya michezo minne, na nafasi yake ikachukuliwa na Hamilton Academical. Iliendelea kucheza mashindano madogo hadi ilipovunjwa mwaka 1922. Pale Tontine Park, lilipotundikwa bango lile, leo ni nyumba za watu.