Kukadiria mwenendo wa saratani ya mapafu kwa picha za CT: usisahau ujazo wa uvimbe

Karibuni tena wapendwa. Niko hapa Moshi, umeme upo, tuutumie kabla haujatukimbia. Leo tunachukua picha za CT za watu wenye saratani ya mapafu, tunazigeuza kuwa namba, halafu tunaangalia kama namba hizo zinaweza kukadiria mgonjwa ataishi muda gani baada ya matibabu.

Kwanza picha. Tafadhali usibebe flashi ukaenda hospitali ya KCMC kuomba. Picha ya mgonjwa ni siri yake, na bila kibali cha kamati ya maadili huigusi. Wewe unayejifunza ingia kwenye hifadhi iitwayo The Cancer Imaging Archive, utafute mkusanyiko wa NSCLC-Radiomics (NSCLC ni aina ya saratani ya mapafu). Ni wagonjwa 422 wa Maastricht, Uholanzi. Majina yameondolewa, uvimbe umeshachorwa, na jedwali la siku walizoishi limo humohumo. Usipakue wote kwa mkupuo, bando litakwisha ukiwa unatazama. Anza na kumi.

Fungua 3D Slicer, programu ya bure. Ongeza viendelezi viwili: SlicerRT na SlicerRadiomics. Ingiza folda la DICOM, yaani faili za picha za hospitali. Ukiona mapafu lakini mchoro wa uvimbe hauonekani, jua SlicerRT haijakaa sawa, maana mchoro umehifadhiwa kwenye faili la pembeni liitwalo RTSTRUCT. Mimi hapo nilipoteza jioni nzima.

Sasa pitia kipande kimoja baada ya kingine. Kila vokseli, yaani kijisanduku kidogo kinachounda picha, ina namba ya Hounsfield inayoonyesha jinsi kitu kinavyozuia eksrei: hewa ni -1000, maji ni 0. Angalia kama mchoro umekula mbavu au mshipa mkubwa wa damu. Usione uvivu hapa. Mchoro ukikosewa, kila namba inayofuata imekosewa nayo.

Fungua sehemu ya Radiomics, ndiyo inayogeuza uvimbe kuwa namba. Kwa kuwa mashine hukata vipande vya unene tofauti, weka vokseli zote ziwe na milimita 1 kila upande. Bonyeza, subiri. Kwa mipangilio ya kawaida utapata sifa 107: umbo, ung'avu, na jinsi vokseli jirani zinavyofanana au kutofautiana. Hifadhi kwenye jedwali, mgonjwa mmoja mstari mmoja.

Ukishawafanyia wote hivyo, hamia Python, lugha ya kuandikia programu. Gawa wagonjwa makundi mawili kabla hujachagua sifa yoyote: wa kufundishia modeli na wa kuijaribia. Tumia modeli ya Cox, inayohusisha sifa na muda mgonjwa anaoishi. Waliokuwa hai ufuatiliaji ulipoisha usiwafute. Cox inajua kuwahesabu kwa muda ule waliofuatiliwa. Modeli itakupa kipimo kiitwacho C-index, kinachoonyesha ilivyoweza kuwapanga wagonjwa kwa muda walioishi. Ukipata 0.5 umerusha shilingi tu. 1 maana yake umewapanga wote sawasawa.

Haya, hapa ndipo nilipotaka tufike. Kabla hujashangilia, tengeneza modeli ya pili yenye sifa moja tu: ujazo wa uvimbe. Linganisha. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha kipimo cha sifa nne kilichojengwa kwa wagonjwa hawahawa, kikasifiwa sana. Mwaka 2019 watafiti wengine wakachukua vokseli zilizo ndani ya uvimbe wakazichanganya kama karata, na kipimo kikaendelea kukadiria vilevile! Kumbe kazi kubwa ilikuwa ikifanywa na ukubwa wa uvimbe, kitu ambacho daktari alishakiona kwa macho.

Kwa hiyo nawe changanya. Mistari michache ya numpy, maktaba ya Python ya kuchezea namba, inatosha: chukua vokseli za ndani ya mchoro, zivuruge, toa sifa upya, pima tena. C-index isiposhuka, modeli yako haitegemei mpangilio wa vokseli ndani ya uvimbe, na ripoti yako iseme hivyo waziwazi.

Jambo moja kwa walio huku kwetu. Baadhi yetu tunabeba makovu ya kifua kikuu, na kovu kwenye CT linaweza kufanana na uvimbe. Modeli iliyofundishwa kwa picha za Maastricht hujui itayachukuliaje. Ukipata kibali, ijaribu kwa picha za hapa, michoro ikaguliwe na daktari wa radiolojia, na matokeo yasiingie kwenye faili la mgonjwa yeyote.