Kabla hujakata tiketi ya pwani, angalia mwezi

Mwangaluka! Haya, nyie wa mlangoni sogeeni ndani, viti vipo. Mimi mnanijua, Mzaramo, mtani wenu nyie Wasukuma wa Mwanza, mmenioa miaka hiyo na bado sijatoroka. Nimeambiwa nizungumzie likizo ya pwani kwa wenye watoto wadogo, na dada mshereheshaji kaninong'oneza hapa, "mama leo usianze na ule mwezi wako." Naanza nao huohuo.

Kila ikikaribia Juni, na tena Desemba, naona watu wa kikoba wamegawana, wanapiga hesabu ya nauli, wanapiga hesabu ya gesti, mtoto keshanunuliwa miwani ya jua na kopo la kuchotea mchanga. Nauliza, mnakwenda lini? Tarehe fulani. Na maji siku hiyo yatakuwaje? Wananitazama. Maji si yapo mama?

Ziwa Victoria limewadekeza. Pale ufukwe wa Malaika maji ukiyaacha kwenye jiwe fulani saa mbili asubuhi, jioni unayakuta kwenye jiwe hilohilo. Ziwa likipanda linapanda kwa mvua, kwa miezi, kama lilivyofanya 2020, na hata hapo lilikuwa linakupa nafasi ya kuhamisha viti vyako taratibu. Bahari haina huruma hiyo. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, masaa sita hivi yanaingia, masaa sita yanatoka, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, pale Dar na Unguja, kutoka maji yalipopwa mpaka yalipojaa inazidi mita 3. Mita 3! Hebu angalieni fremu ya huo mlango, inapita hapo juu.

Niwape kisa cha majirani zangu, wameniruhusu alimradi nisiwataje. Baba, mama, mtoto wa miaka mitatu na shangazi mtu. Wamefika kule kwetu kaskazini ya Dar mwezi mpevu kabisa, maana baba alitaka picha za usiku za mbalamwezi. Asubuhi saa nne wanashuka ufukweni, bahari haipo. Mchanga, majani, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wanaocheua. Mtoto anauliza maji yako wapi, baba anamgombeza mwenye gesti kwamba kwenye picha za simu maji yalikuwepo. Basi wakaamua kuyafuata kwa miguu. Huko mbele wakakuta fungu la mchanga, jeupe, zuri, wakatandika mkeka, wakatoa chapati na chupa ya chai ya uji wa mtoto, mtoto anachimba, shangazi kavua viatu kajilaza.

Sasa sikilizeni hapa. Wengi wenu mnadhani maji yatakuja kwa mbele, utayaona, utasema haya tuondoke. Hayaji hivyo! Kati ya fungu na nchi kavu kuna kibonde, asubuhi mnakivuka ni tope la kwenye vifundo vya miguu, wala hamkitilii maanani, na maji yakigeuka yanaanza kujaza hapo, nyuma ya mgongo wako, kimya, wewe macho yako mbele na bahari unaiona bado iko mbali. Na hayaji kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanajivuta tu, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia. Aliyewaokoa ni mama mmoja muokota chaza, anarudi zake na ndoo kichwani, akawauliza, "nyie wageni mnalala hapahapa?" Baba kugeuka, muokota chaza mwingine tayari anavuka kibonde, maji mapajani. Wakakusanya mkeka, mtoto mabegani kwa baba, walipofika katikati maji yako kifuani kwa shangazi na kile kiatu cha mtoto chenye taa kinaondoka zake kinamulikamulika. Salama wote. Na ukimuuliza baba leo kilitokea nini, anakusimulia habari ya chupa ya chai iliyopotea!

Msicheke sana, nusu yenu mngelala palepale.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni, mama sisi watu wa maji bwana, tumezaliwa kwenye mitumbwi. Nawaheshimu. Mvuvi wa dagaa wa Ukerewe anajua upepo kuliko mimi, lakini kibonde kinachojaa nyuma yake hajawahi kukiona maana ziwani hakipo. Na mwingine ananiambia, sasa kwa nini tusibaki hapahapa bure? Kwa sababu ya kichocho, ndugu yangu, konokono wanaokibeba wanaishi maji baridi na vijidudu vyake vinapenya ngozi ya mtoto ndani ya dakika chache, chumvi ya bahari hawaiwezi. Na usiniambie dawa ipo, praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inabaki inakua. Huo ni mhadhara mwingine, nitawapa siku nyingine mkitaka msitake.

Turudi kwenye mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni bamvua, makubwa. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, yanapanda na kushuka kidogo, kama mita 1 hivi, hayaendi mbali na hayarudi kwa hasira. Na uzuri wa pale kwetu, ingawa saa zinasogea kila siku, mwezi ukirudi palepale nazo zinarudi karibu zilezile: siku za bamvua maji yanapwa saa nne, saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume, saa nne, saa tano asubuhi yamejaa. Sasa nyie wazazi nambieni, mtoto wa miaka miwili mitatu anaogelea saa ngapi? Asubuhi! Saa mbili na nusu mpaka saa nne, jua halijakaza, baada ya hapo kivuli, ale, alale. Ukienda bamvua muda wake wa kuoga ndo bahari imekimbia, na yanaporudi mchana yanarudi kwa kasi, mtoto anataka kulala wewe unataka kumtosa. Ukienda maji mafu, mnashuka na bakuli la uji, maji yapo pale mnapanda nayo polepole.

Huna jedwali la maji? Nenda dukani nunua kalenda ya Kiislamu ya ukutani. Mkristo usiogope, haitakusilimisha. Tarehe 7 mpaka 10 ya mwezi wa Kiislamu, na 21 mpaka 24, hapo kata tiketi. Tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za 14, 15, 16 waachie wapenzi na wapiga picha. Kwenye intaneti pia saa za maji zipo kwa kila mji, ila ukifika muulize mvuvi yeyote aliyekaa chini ya mnazi anashona nyavu, atakuambia bila kuangalia simu.

Kuna wanaosema, sisi tunakwenda Zanzibar hotelini, mambo hayo hayatuhusu. Paje na Jambiani bamvua ikipwa utatembea mpaka uchoke hujapata maji ya kumfika mtoto kiunoni, na Juni, Julai upepo wa kusi unapiga upande huohuo. Nungwi na Kendwa ni afadhali, maji hayakimbii hivyo. Na Pangani wakikupeleka Maziwe ujue kile ni kisiwa cha masaa, maji yakijaa kinafunikwa chote, kwa hiyo nahodha akisema twende ni twende, usimwambie ngoja mtoto amalize soda.

Naoneshwa saa hapa. Bado nina karatasi mbili, haya nikimbie.

Safari: Mwanza mpaka Dar kwa basi inazidi kilomita 1,100, usimkalishe mtoto huko kwa mkupuo mmoja. Basi mpaka Dodoma, mlale, asubuhi mpande treni ya SGR, inafanya kazi tangu 2024, mtoto anatembea ndani na choo kipo. Wenye uwezo wa ndege sina neno nao.

Boya la kupuliza lile la bata, liacheni nyumbani. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, unalisukuma na mtoto ndani yake. Jaketi la kuokolea lenye mkanda wa katikati ya miguu, hilo sawa, na mtu mzima mmoja mkono ukimfikia, mmoja anayejulikana kwa jina. Mkiwa sita kila mtu anadhani mwenzake anaangalia, na mtoto anayezama hapigi kelele.

Maji ya kunywa mengi, jua linamkausha. Viatu vya plastiki kwa ajili ya wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba. Chandarua bebeni. Yavuyavu, yule mnyama wa baharini anayewasha, akimgusa... hapana, hilo linataka muda, tutaliacha.

Dada mshereheshaji nimekusikia, nimekaa. Yule mama wa kitenge cha bluu kule nyuma, umenyoosha mkono tangu kwenye kisa cha chupa ya chai, haya uliza. Na kama ni Pasaka unayotaka kwenda, nakujibu kabisa: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, mwaka mwingine inakuta bamvua, mwaka mwingine maji mafu, kwa hiyo angalia kalenda yako kwanza.