Risiti za Saruji Si Bei ya Nyumba

Mabibi na mabwana, nimealikwa kuzungumzia ununuzi na uuzaji wa nyumba wakati soko linayumba, na waliowahi kunisikia wanajua nitaanzia wapi. Nawaomba wawavumilie wenzao ambao hawajaisikia habari ya sanduku la risiti.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mzee mmoja mstaafu wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, aliniita nimthaminishie nyumba yake. Nilipomaliza kupima nikamwambia kwamba kwa hali ya soko angepata takriban shilingi milioni 420. Hakunijibu. Aliingia chumbani, akatoka na sanduku la bati lililojaa risiti za saruji, nondo na mabati, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, hata ile ya kuchimba kisima kilichotoa maji ya chumvi kikafukiwa, kisha akaniuliza kama nimewahi kubeba tofali maishani mwangu. Alitaka milioni 600: kwanza kwa sababu ndizo alizotumia, na pili kwa sababu jirani yake aliuza kwa bei hiyo. Nilipouliza ni nani aliyeuona mkataba wa jirani huyo, ikabainika kwamba habari yenyewe ilitoka kwa dalali.

Nikamwomba tufanye hesabu nyepesi, ambayo nanyi mnaweza kuifanya bila kunilipa. Nyumba kama ile ilikuwa ikipangishwa kwa milioni 1.5 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Gawanya 600 kwa 18, unapata miaka 33 na ushei. Mnunuzi mwenye hati ya kumiliki ardhi ya miaka 33 angekuwa hajamaliza kurudisha fedha zake, na hati imekwisha muda! Mzee akasema mimi ni mtu wa makaratasi.

Mwezi Mei akaja mnunuzi na milioni 390 taslimu, akaambiwa akajipange. Julai mwaka huohuo Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahama Dar es Salaam kwenda Dodoma, na baada ya hapo mnakumbuka vibao vya «nyumba inapangishwa» vilivyoning'inia Masaki na Mikocheni hadi jua likafuta namba za simu. Mzee akashusha hadi 550 soko lilipokuwa 380, akashusha hadi 450 soko lilipokuwa 340. Kila aliposhusha alikuwa amechelewa, kama mtu anayekimbilia daladala iliyokwisha ondoka kituoni. Muda wote huo alimlipa mlinzi, na popo wakahamia darini bila kulipa kodi. Aliuza mwaka 2019 kwa milioni 310. Zile risiti bado anazo.

Wapo watakaonijibu, na nawaona wameanza kutikisa vichwa, kwamba ardhi haishuki bei kwa kuwa Mungu haongezi nyingine. Ni kweli haongezi, lakini Serikali huongeza madaraja na barabara. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, ardhi iliyokuwa ng'ambo ya foleni ya kivuko ikawa jirani na mjini, na aliyekuwa na kiwanja cha gharama upande wa huku akapata washindani ambao hakuwahi kuwahesabu. Kinachouzwa ni ardhi inayofikika, na hiyo huongezeka.

Wanunuzi nanyi msicheke, maana mna ugonjwa huohuo uliogeuzwa upande. Nimekutana Dodoma na watumishi wanaotafuta kiwanja Ihumwa au Nzuguni kwa bei aliyonunulia shemeji yao kabla Serikali haijahamia, wanakataa cha mwaka huu wakingoja bei irudi, na mwaka unaofuata wanakitamani kilekile walichokikataa. Bei ya kutajiwa na dalali nayo si ya kuogopa wala kuamini, kwa sababu ndani yake kuna cha juu, yaani fedha anayojiongezea dalali mwenyewe. Mtafuteni mwenye nyumba, mkae naye, ndipo mjue anauza kwa shida au anapima upepo.

Nilikusudia kueleza mkopo wa benki, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitataja mawili tu kwa haraka. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema hivyo, basi usimlipe mume arubuni kabla hujamsikia mke. Na muuzaji akumbuke kwamba kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ambapo gharama zenye ushahidi hupunguza faida hiyo. Hapo ndipo sanduku la mzee lilipokuwa na kazi yake halali.

Karibuni kwa maswali, isipokuwa asiniulize mtu nyumba yake ni bei gani, kwa sababu sijaiona.